Katoni za Shangazi Fuatino

Msemaji wa kijiji alikuwa na koo la kumwamsha hata marehemu. Alisimama kwenye nyasi mbele ya nyumba ya msiba, fimbo mkononi, usinga begani, akatangaza kila kilicholetwa kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Katoni kumi! Samaki wa kopo! Zimetoka kwa Fuatino na mtoto wa kaka yake!"

"Malo!" wakaitikia wenye msiba kutoka ndani, wakishukuru.

Katoni zikapitishwa polepole mbele za watu, moja baada ya nyingine, ili mwenye macho azione na mwenye wivu aumie. Lanuola, ambaye ndiye huyo mtoto wa kaka, alikuwa amekaa nyuma kabisa na wanawake wa ukoo, miguu ameikunja, uso ameuinamisha kama wenzake. Lakini moyoni alikuwa akifanya jambo lisilofaa msibani. Alikuwa anapiga hesabu za dukani.

Tumwelewe kidogo, ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Lanuola alikuwa mchumi wa maduka ya Aukuso, yale yenye matawi katika visiwa vya Upolu na Savai'i. Alilipwa ili ajue watu wananunua chakula gani, kwa nini, na bei ikipanda wataacha lini. Wanunuzi wa mkate huacha upesi. Mkate ukipanda, wanachemsha ndizi mbichi na maisha yanaendelea. Lakini samaki wa kopo wana mambo yao. Anayenunua kopo moja ananunua mboga ya leo, na bei ikimchoma anakwenda kuchuma majani ya magimbi, ambayo kwao huitwa taro, nyuma ya nyumba. Anayenunua katoni nzima hanunui mboga. Ananunua msiba, harusi, ufunguzi wa kanisa. Ananunua ile sauti ya msemaji, na tangu Saleaumata, kwao Lanuola, iwe kijiji hakuna msemaji aliyewahi kusimama akatangaza nusu katoni.

Hilo hakufundishwa chuoni Suva, ng'ambo, alikosomeshwa na Aukuso. Alizaliwa nalo. Akaliandika kwenye ripoti kwa maneno safi: wanunuzi wa katoni hawana njia ya kupunguza, bei ikipanda, watalipa. Aukuso, mwenye maduka, aliposoma hapo alipiga meza kwa furaha, akasema tujaribu kwanza tawi moja, maana wenzake wa Auckland, wenye hisa, walitaka kwanza neno la mchumi. Lanuola mwenyewe ndiye aliyechagua tawi la Salelologa, kwao Savai'i, akijiambia kwamba watu wa kule anawajua. Bei ya katoni ikapandishwa pale kwa moja ya tano, matawi mengine yakaachwa vilevile. Wakangoja wakati wa baridi wote upite. Mauzo ya Salelologa hayakushuka. Yalipanda! Wachumi wana neno lao refu la kuwaita wanunuzi wa namna hiyo. Sisi wengine tungesema tu kwamba wamebanwa. Lanuola akapewa cheo na chumba chenye kiyoyozi, na Jumatatu hii, keshokutwa, ile bei mpya ilikuwa inabandikwa katika matawi yote.

Kwa hiyo alipoziona zile katoni zikipita, zote na stika ya njano ya bei mpya ya Salelologa, alifurahi. Mungu amsamehe, alikaa mbele ya jeneza la mzee wa watu akafurahi kwamba hesabu yake ilikuwa ya kweli.

Mvua ilianza kabla mazishi hayajaisha. Wakarudi kwa Fuatino wamelowa, na ndani ya nyumba wakakuta inanyesha pia. Shangazi yake hakushtuka. Alisukuma ndoo moja kwa mguu hadi chini ya tundu la kwanza, akaweka sufuria chini ya la pili, na beseni la kufulia karibu na kitanda.

Fuatino ndiye aliyemlea Lanuola baba yake alipofariki. Kila mwezi Lanuola alimtumia pesa za kubadilisha bati, na kila mwezi Fuatino alijibu kwamba amezipokea, ubarikiwe.

"Shangazi, si tulisema bati libadilishwe kabla ya mvua?"

"Litabadilishwa."

"Lini?"

"Bati halina miguu, litakimbilia wapi? Hebu kachukue shuka nyuma ya pazia ujifunike. Unatetemeka kama mbwa aliyefukuzwa kanisani."

Lanuola akafunua pazia. Shuka lilikuwa juu ya rundo la katoni. Katoni zilipangwa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua chake, safi, hazijafunguliwa hata moja, na kila moja ilikuwa na stika ya njano.

"Shangazi, hizi za nini?"

"Za kula."

"Daktari si amekukataza chumvi?"

"Basi za kutazama."

Fuatino akacheka, akaketi kwenye mkeka, akajipigapiga mapaja kama mtu aliyeshikwa na siri tamu. "Njoo ukae. Nilikuwa sitaki kukwambia, ungeanza kulia. Si wewe ulinipigia simu ile siku? Ukasema, Shangazi niombee, wanajaribu kitu kwenye duka la Salelologa na nimebebeshwa mimi, mauzo yakianguka nimekwisha?"

Lanuola alikuwa amesahau kabisa. Alikuwa ameomba maombi, basi, kama mtu anavyoomba kabla ya mtihani. Lakini Fuatino alikuwa mwenyekiti wa kamati ya akina mama ya Saleaumata, na pale ukimwomba mwenyekiti maombi umemwomba na miguu yake, na mikoba ya wenzake. Mtu wa mjini Apia asiye na kwao angejua kunyamaza. Lanuola hakujua, kwa sababu tangu utotoni kila lililomsumbua alilipeleka kwa huyu huyu.

"Tuliomba," Fuatino akasema. "Tulifunga mpaka saa sita. Halafu nikawaambia akina mama, haya, Mungu ameshasikia, sasa twendeni dukani. Kila nyumba! Mwenye msiba na asiye na msiba. Pale ng'ambo ya barabara katoni ni rahisi, lakini tunapita tukitazama baharini kama hatulioni duka la watu. Yule mama mwenye duka sasa hanisalimii."

"Na bei mliiona?"

"Tusiione tumekuwa vipofu? Wizi mtupu! Huyo Aukuso wako akifika mbinguni atamuuzia Petro funguo zake mwenyewe. Sinapati alitaka kumtukana mwenye kaunta. Nikamwambia, nyamaza, lipa, mtoto wetu yumo humo ndani."

"Na pesa za bati?"

Fuatino akatazama juu, tone likamwangukia shavuni, akalifuta. "Bati ni bati tu," akasema. "Wewe ni wewe."

Hapo ndipo Lanuola alipotakiwa kusema. Maneno yalikuwa machache: bei niliipanga mimi. Yalimfika hadi kwenye meno, yakarudi. Alijiambia kwamba shangazi amechoka na msiba, kwamba atasema kesho, akajua kwamba anajidanganya, akajifunika lile shuka. Ule mstari wa mauzo kwenye ripoti yake, ule uliopanda vizuri hadi Aukuso akaupiga busu kwa mzaha, haukuwa watu waliobanwa. Ulikuwa akina mama wa Saleaumata wakitoka dukani na katoni mabegani, wakilipia kazi yake kwa bei aliyoipanga yeye. Alijiona mchafu. Na keshokutwa mji mzima wa Apia ungetozwa bei hiyo kwa ushahidi wa hawa.

Jumapili baada ya ibada akina mama walikuja kula kwa Fuatino. Taro ilitoka kwenye mawe ya moto, na majani yake yaliyofungwa na tui, na nguruwe kidogo aliyebaki msibani. Lanuola alikalishwa mahali pa mgeni. Alijaribu kuhama, wakamsukuma arudi.

"Kaa hapo, mkubwa!" akasema Sinapati, mama mwenye sauti ya kuchekesha hata akiwa na hasira. "Tumesikia umepewa chumba chenye baridi. Sisi ndio tuliokuingiza huko, usijifanye. Mume wangu ananiuliza kila usiku, mke wangu, tangu lini tunalala na samaki? Namwambia geukia ukutani, hao ni wageni wa Lanuola."

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Lanuola naye akacheka, akitazama mkeka.

"Ila mwanetu," Sinapati akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "hebu tuambie. Tuendelee mpaka lini? Si kwamba tumechoka."

"Msinunue tena," Lanuola akasema, haraka mno. "Imetosha. Kwa kweli, mama zangu, msinunue tena pale."

Akina mama wakatazamana, kisha wakamtazama Fuatino.

"Ana haya," Fuatino akasema. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo, ukimpa kitu anageuza uso. Tutaendelea mpaka nitakaposema." Akamwongezea nyama kwenye sahani.

Nafsi ilimsuta, na bado akala. Alikula kile kipande cha nyama chote mbele yao, kwa sababu kukiacha kungekuwa tusi jingine.

Alfajiri Fuatino alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amebeba katoni moja iliyofungwa kwa kitambaa cha maua. "Hii ya bosi wako. Mwambie imetoka kwa shangazi yako, anakuomba akutunze."

"Shangazi, yeye ndiye mwenye duka. Samaki anao."

"Anao, lakini hawa hakupewa na mimi."

Lanuola aliipakata katoni njia nzima, kwenye feri na kwenye gari, mapaja yakimfa ganzi, na hakuiweka chini.

Aukuso alikuwa ofisini na maboksi ya stika za njano yamejaa mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, mkarimu kwa mafundi na mkali kwa madereva, na kwao Falealili alikuwa na cheo cha ukoo. Alipoambiwa kwamba katoni imetoka kwa shangazi, alisimama, akafunga vifungo vya shati, akaipokea kwa mikono miwili na kuinyanyua hadi usawa wa paji la uso kama alivyofunzwa na wazazi wake. Kisha akafungua kitambaa.

"Hii si ya kwetu hii?"

"Ya Salelologa."

"Kwa bei mpya!" Akacheka hadi macho yakafumba. "Lanu, wewe ni mchawi. Hata shangazi yako!"

"Ndicho nilichokuja kukwambia, bosi. Ni shangazi yangu. Ni kijiji changu chote. Niliwaambia kuna jaribio, wakanunua ili nisifukuzwe. Hawakula. Zimejaa nyuma ya mapazia. Jaribio limeharibika, na nililiharibu mimi kwa mdomo wangu."

Aukuso akakaa. "Walinunua au hawakununua?"

"Walinunua."

"Pesa zilikuwa za kweli?"

"Za kweli."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba hawakuwa wananunua samaki. Walikuwa wananinunulia kazi. Bandika bei hii hapa Apia, ambapo sina shangazi, uone watu watakavyovuka barabara. Na wale wasioweza kuvuka, wenye misiba, tutakuwa tumewachuna bure."

Aukuso alijikuna kidevu. Alitazama dirishani, akatazama katoni, na Lanuola aliona kwamba haoni haya. Alikuwa anafikiri.

"Kijiji kizima," akasema polepole. "Kwa ajili ya mtoto mmoja." Akageuka. "Sasa je, nikiajiri mmoja kutoka kila kijiji? Mmoja tu. Msichana wa kaunta, mlinzi, yeyote. Aende kwao awaambie kazi yake iko hatarini."

Wazo lilimchukiza Lanuola, ndiyo, lakini kilichomtisha ni kwamba kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kulifanyia kazi: vijiji vingapi, mishahara kiasi gani, katoni ngapi zaidi. Hesabu ilikubali. Ingefaulu, na yeye ndiye angeiandika vizuri kuliko mtu yeyote.

"Iandike hiyo," Aukuso akasema, kana kwamba amemsikia.

"Siandiki." Alivuta ripoti yake kutoka chini ya zile stika, akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza kwamba jaribio si halali, akatia sahihi. "Na wenzako wa Auckland nimeshawatumia maneno haya haya. Walitaka neno la mchumi, wamelipata. Mimi naacha kazi, bosi. Nikiwa humu ndani hawataacha kununua."

Aukuso alipandwa na hasira. Alisema mambo ya kusomesha watu na shukrani zao, ya cheo alichompa, ya kiyoyozi. Lanuola alisimama akayapokea yote, kwa sababu hakuona kwamba ana haki ya kujibu. Mwisho mtu wa watu akaishiwa pumzi, macho yake yakarudi kwenye ile katoni na kitambaa chake cha maua.

"Na hii nimeshaipokea," akasema kwa sauti nyingine. "Shangazi yako aliomba nini?"

"Unitunze."

Aukuso akaufunika uso kwa kiganja. Zawadi ya namna ile haipokelewi ikaachwa bila jibu, si kwao Falealili wala pengine popote visiwani. Alinyanyua simu, akaagiza bei ya Salelologa irudishwe ilivyokuwa, leo hii. Kisha akazifagia zile stika za njano kwa mkono, akaziingiza kwenye droo. Hakuzitupa.

"Nitajaribu tena," akasema. "Mahali ambapo huna ndugu."

Mchana Lanuola alikuwa kwenye benchi nje ya soko la Fugalei, sanduku la vitu vyake vya ofisini liko miguuni. Alimpigia shangazi yake. Kule Savai'i mvua ilikuwa bado inanyesha. Aliisikia ikigonga bati kabla hajasikia sauti.

"Alipenda samaki?"

"Aliinyanyua hadi usoni, Shangazi. Alipokea vizuri sana." Akalisogeza sanduku kwa mguu. "Nimeacha kazi."

Fuatino akapiga yowe dogo. "Wamekufukuza!"

"Nimeacha mwenyewe."

"Nani anaacha chumba cha baridi mwenyewe? Usinifiche. Wamekufukuza." Sauti yake ilikuwa imeanza kulia. "Ni kosa letu. Ni kosa langu mimi. Wiki iliyopita Sinapati alisema tuongeze, nikamwambia watu wamechoka, tupumzike hadi baada ya msiba. Tungenunua zaidi, mwanangu. Tungeweza kununua zaidi!"

Watu walipita na vikapu vya ndizi na mafungu ya taro. Mama mmoja alimtazama Lanuola, akaona uso wake, akapita haraka.

"Shangazi, nisikilize. Bei ile si ya Aukuso. Niliipanga mimi."

"Bei ipi?"

"Ya katoni. Ya Salelologa. Yeye alinisikiliza tu. Ni mimi niliyemwambia aipandishe."

Mvua ikaendelea kugonga bati. Halafu Fuatino akauliza, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto amekula nini hadi akaumwa. "Ulijua ni sisi tutakaoilipa?"

Angeweza kusema kwamba hakujua wangenunua nyingi vile, na hilo lingekuwa kweli. Angeweza kuzungumzia wanunuzi kwa jumla. Lakini huyu ndiye aliyemfundisha kusema.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana niliipanga. Niliandika kwamba nyinyi hamna njia ya kupunguza."

Alisikia pumzi za shangazi yake. Alisikia matone yakianguka ndani ya kitu kilichojaa maji.

"Subiri, mwanangu," Fuatino akasema. "Ndoo imejaa."

Simu ikawekwa chini. Nyayo zikaenda, maji yakamwagwa nje, nyayo zikarudi, ndoo ikakokotwa hadi mahali pake, na tone la kwanza likagonga chini kwenye ndoo tupu, kisha la pili. Lanuola aliishika simu kwa mikono miwili sikioni, akasubiri.